Kifuniko cha Meno Si Mlinzi wa Ufizi

Mtu mwenye meno yaliyobanana au kupishana ana haki ya kutafuta tiba, sawa na mwenye macho mabovu anavyotafuta miwani. Meno yaliyopandana ni vigumu kuyasafisha, na wako watu ambao kwa sababu hiyo hata kutafuna sawasawa hawawezi. Kwa hiyo si haki kumcheka mtumishi anayejinyima ili ayanyooshe meno yake, wala kumwita mtu wa majivuno. Linalostahili kujadiliwa ni jambo jingine: je, mtumishi huyo anaelewa mzigo anaojitwika siku anapokipokea kifaa cha kunyooshea meno, na je, huko anakofanyia kazi anao uwezo wa kuubeba?

Swali hilo limekuwa la maana zaidi tangu vilipoingia nchini vifuniko vya plastiki angavu, ambavyo siku hizi hutolewa na kliniki za binafsi katika miji mikubwa, hasa Dar es Salaam. Asili yake ni Marekani, ambako kampuni ya Align Technology ilianzishwa mwaka 1997 katika jimbo la California kwa ajili ya kazi hiyo. Badala ya waya uliogandishwa juu ya meno, mgonjwa hupewa mfululizo wa vifuniko vyembamba vinavyoyavika meno kama ala inavyovika kisu. Kila kifuniko huyasogeza meno kidogo sana, yapata robo ya milimita, kisha baada ya wiki 1 au 2 hubadilishwa na kingine. Mgonjwa hutakiwa kuvivaa saa 20 hadi 22 kila siku, kwa miezi mingi. Havionekani kirahisi, na ndiyo sababu huwavutia watu ambao kazi yao ni kusimama mbele ya wenzao: mwalimu darasani, afisa mikutanoni, mhasibu dirishani.

Matangazo ya vifuniko hivyo husifu tabasamu. Habari za ufizi hazitajwi, na kama zikitajwa, ni kwa maandishi madogo. Hapo ndipo penye hatari, maana kifuniko hunyoosha meno lakini hakilindi hata jino moja.

JINO NA MSINGI WAKE

Jino halikukomelewa katika taya kama msumari katika ubao. Limeshikwa na nyuzi laini, ufizi na mfupa. Kifuniko kinapolisukuma, mfupa wa upande mmoja humomonyoka kidogo, na upande wa pili mfupa mpya hujengwa. Kazi hiyo ya kubomoa na kujenga hufanywa na mwili wenyewe, na mwili huifanya vyema pale tu ufizi unapokuwa mzima. Ufizi ukiwa umevimba, ubomoaji huushinda ujenzi. Meno yatanyooka, lakini yatalegea. Mwenye meno hayo atakuwa amelipia safu iliyopangika akaishia kupata meno yanayotikisika, mfano wa mjenzi anayepaka ukuta chokaa ilhali msingi unaliwa na maji.

Ugonjwa wa ufizi huanza kimya kimya. Kila siku bakteria hutanda juu ya meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Utando huo ukisuguliwa kwa mswaki huondoka. Ukiachwa, hugeuka kuwa ugaga, kitu kigumu kama mawe, ambacho mswaki haukiwezi tena na lazima kikwanguliwe kwa vyombo vya daktari. Chini ya ugaga ufizi huwa mwekundu, huvimba, na hutoa damu mtu anapopiga mswaki. Wengi wakiiona damu hiyo huacha kupiga mswaki mahali hapo wakidhani wanauhurumia ufizi, kumbe wanayahurumia maradhi. Damu ya ufizi ni mbiu, na mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Kwa mwenye ugonjwa wa kisukari jambo hilo ni zito zaidi, kwa kuwa kisukari huuchochea ugonjwa wa ufizi, nao ugonjwa wa ufizi huifanya sukari ya mwilini iwe ngumu kudhibitiwa.

Kuoza kwa jino nako kuna utaratibu wake. Bakteria hao hao hula sukari na kutoa tindikali, nayo tindikali hulainisha gamba gumu la jino. Mate ndiyo mlinzi wa asili: huiosha tindikali, huipoza, na kulirudishia jino madini liliyopoteza. Lakini mtu akivaa kifuniko, mate hayayafikii meno kama yalivyozoea. Sukari ikiingia chini ya plastiki hukaa humo kama maji ndani ya mtungi, na jino hulowa katika tindikali kwa muda mrefu kuliko ambavyo lingelowa likiwa wazi. Kwa hiyo kosa ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa dogo, kwa mvaa kifuniko huwa kubwa.

Haki nayo itendeke kwa vifuniko hivi. Kwa upande mmoja vina nafuu kuliko waya, kwa kuwa waya hunasa chakula na hauondolewi, ilhali kifuniko huvuliwa, meno yakasafishwa, kikarudishwa. Lakini nafuu hiyo ni ya yule anayekivua na kusafisha kweli. Kwa mvivu, kifuniko ni pazia lililotundikwa mbele ya uchafu.

SIKU MOJA YA MTUMISHI

Itazamwe siku ya kawaida ya mwalimu katika kata ya Igurwa, wilayani Karagwe. Alfajiri anakunywa chai yenye sukari kabla ya kwenda shule. Saa nne ni wakati wa chai nyingine, pamoja na andazi au muhindi wa kuchoma. Mchana ni ndizi kwa maharage. Jioni anapita kwa jirani kutoa pole au kupanga shughuli, na mwenyeji, kama ilivyo ada ya watu wa Kagera, anamkaribisha kwa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo ni aibu kuzikataa. Penye sherehe kuna maji matamu ya ndizi mbivu, na kwa anayetumia, kuna rubisi. Hakuna baya katika ada hizi. Ndizo zinazowaunganisha watu.

Lakini kwa mwenye kifuniko, kila tukio katika orodha hiyo linadai uamuzi. Akinywa chai na kifuniko kinywani, sukari itanaswa, na joto la chai laweza kuipinda plastiki hata isiyakae meno tena. Akitafuna kahawa nacho, kitachafuka rangi na kupasuka. Akikivua kila mara na kukisahau, zile saa 20 hazitatimia, na meno yatarudi yalikotoka. Akikivua, akala, akakirudisha bila kusafisha, amefungia mabaki ya chakula juu ya meno yake mpaka mlo unaofuata.

Anayeathirika zaidi ni mtumishi mwenye mazoea ya kunywa chai kidogo kidogo kutwa nzima. Kikombe kinachokaa mezani kuanzia saa mbili hadi saa nane ni hatari kuliko vikombe viwili vinavyonywewa kwa wakati mmoja pamoja na chakula, kwa kuwa kila funda lenye sukari huianzisha upya kazi ya tindikali. Mtu huyo atapaswa kuchagua: ama aache chai ya kutwa, ama aache kifuniko.

MASHARTI YASIYO MAGUMU

Masharti ya kuutunza ufizi na meno wakati wa tiba hii yanafahamika, na hayahitaji utajiri. La kwanza, kabla ya kutengenezewa kifuniko chochote, mgonjwa akaguliwe kinywa kizima. Matundu yazibwe, ugaga ukwanguliwe, na ufizi unaotoa damu utibiwe mpaka upone. Kliniki inayopokea malipo kabla ya kuutazama ufizi inauza plastiki, haitibu.

La pili, meno yapigwe mswaki asubuhi na usiku, kwa muda wa dakika 2 na kwa dawa yenye floridi. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floridi katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, ile yenye sehemu 1,000 hadi 1,500 za floridi kwa kila milioni. Kiasi hicho huandikwa kwenye boksi, na mnunuzi anaweza kukisoma dukani. Baada ya kupiga mswaki yafaa kutema povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floridi ibaki kazini. Kati ya jino na jino mswaki haufiki. Hapo hupitishwa uzi wa meno mara moja kwa siku.

La tatu, kifuniko kivuliwe kwa kila mlo na kila kinywaji isipokuwa maji matupu. Kabla ya kukirudisha, meno yapigwe mswaki. Pasipo na nafasi hiyo, kinywa kisukutuliwe vizuri kwa maji, na mswaki upigwe mara tu nafasi inapopatikana. Kikombe kimoja cha maji chatosha, hata katika nyumba ambayo maji yake hutekwa bondeni.

La nne, kifuniko chenyewe kisafishwe kila siku kwa mswaki laini na maji yasiyo ya moto. Kinapovuliwa kiwekwe katika kisanduku chake. Kikifungwa katika karatasi au leso mara nyingi hutupwa pamoja na takataka, na kikiachwa mezani hukusanya vumbi la chaki na nzi, kisha hurudi kinywani.

La tano, mgonjwa ajue kwamba siku ya kifuniko cha mwisho si siku ya mwisho. Meno yaliyosogezwa hutamani kurudi, na kifaa cha kuyazuia huendelea kuvaliwa, aghalabu usiku, kwa miaka. Kwa hiyo usafi huu ni desturi ya kudumu, nayo desturi haijengwi kwa mkopo.

NANI ATATAZAMA?

Hata mtu akiyatimiza hayo yote, yako mambo asiyoweza kuyaona mwenyewe. Hawezi kujua kama mfupa wake unajijenga au unamomonyoka, wala kuliona tundu linaloanza katikati ya meno mawili. Hayo hutazamwa na daktari, na katika tiba ya kusogeza meno daktari sharti atazame mara kwa mara.

Kutoka Igurwa hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Hata Bukoba, mji mkuu wa mkoa, ni safari ya kushuka Kayanga, kupitia Kyaka, na kupoteza siku nzima ya kazi. Kwa mtumishi aliyeko Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, safari ni ndefu zaidi. Mwalimu anayechukua vifuniko vyake vyote Dar es Salaam wakati wa likizo, akarudi navyo kwenye mkoba, anakuwa mgonjwa na daktari wa nafsi yake. Ufizi ukivimba mwezi wa 3, hana wa kumwonyesha.

Yaliyotokea Marekani yanatosha kuwa funzo. Kampuni ya SmileDirectClub, iliyoanzishwa mwaka 2014, ilijipatia jina kwa kuwapelekea watu vifuniko nyumbani kwa posta, bila wagonjwa kulazimika kukutana na daktari ana kwa ana. Mwezi Septemba 2023 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni, na mwezi Desemba mwaka huo huo ikafunga milango. Wagonjwa waliokuwa katikati ya tiba waliachwa na meno yaliyosogezwa nusu, huku waliokuwa wakilipa kwa awamu wakiambiwa waendelee kulipa. Ikiwa hayo yalitokea katika nchi yenye madaktari wa meno katika kila mji, mtu wa Karagwe ana sababu zaidi ya kutahadhari na tiba inayokuja kwenye bahasha.

Kwa sababu hiyo, mtumishi anayetaka vifuniko aulize maswali matatu kabla ya kutia saini. Nani atautazama ufizi wangu kati ya safari moja na nyingine? Je, maandishi ya tiba yangu nitapewa, ili tabibu wa meno aliye karibu ayasome? Na kliniki ikifungwa, au mimi nikihamishwa kituo, tiba itaendeleaje? Asipopata jibu, bora abaki na meno yake yaliyopinda lakini imara.

MENO YA WATOTO

Mjadala huu haumhusu mwenye mshahara peke yake. Mara nyingi kupinda kwa meno ya mtu mzima kulianza utotoni, na baadhi ya sababu zake zingeweza kuzuiwa. Jino la utoto likioza na kung'olewa mapema, meno jirani huegemea pengo, na jino la ukubwani linapokuja halikuti nafasi. Mzazi anayesema kwamba meno ya utoto hayana kazi kwa kuwa yatang'oka tu, anaandaa msongamano wa kesho.

Iko na sababu nyingine inayoumiza zaidi. Tangu miaka ya 1980 ilienea katika sehemu mbalimbali za Tanzania imani kwamba mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha ana "meno ya plastiki", au "meno ya nailoni". Ng'ambo ya mpaka, magharibi mwa Uganda, imani kama hiyo hujulikana kwa jina la "ebiino". Ufizi wa mtoto huchimbwa, wakati mwingine kwa spoku ya baiskeli, na kinachotolewa huonyeshwa mzazi kuwa ndicho kilichosababisha maradhi. Kumbe ni chipukizi la jino la kweli, aghalabu chonge, ambalo bado halijakomaa. Mtoto aliyehitaji maji ya chumvi na sukari na kupelekwa kituo cha afya upesi hupata kidonda, na wengine wamepoteza maisha. Anayepona huweza kukua bila chonge, au likaota likiwa limelemaa na safu nzima ikapinda. Meno ya plastiki hayapo wala hayajawahi kuwapo, bali meno yaliyoharibiwa kwa ajili ya imani hiyo yapo.

Hapa ndipo mwalimu anapokuwa na uzito kuliko kliniki yoyote. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 3.5 duniani, karibu nusu ya binadamu wote, wana maradhi ya kinywa. Idadi kama hiyo haiwezi kutibiwa kwa kiti cha daktari, sembuse kwa plastiki. Itapunguzwa kwa mswaki, floridi, na kupunguza sukari, na mambo hayo hufundishwa nyumbani na shuleni.

Nchi hii ina mfano wake. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusoma, wakiwa na redio na vijitabu, na vyoo vikachimbwa vijijini kwa mikono ya wananchi wenyewe. Hawakungoja chombo kutoka ng'ambo. Kilichowaondoa katika mazoea ya zamani ni elimu iliyofuatwa na vitendo.

Moyo huo unaweza kurudishwa kwa gharama ndogo. Shule za Igurwa na kata jirani zinaweza kutenga dakika 5 kila siku baada ya chakula, watoto wakapiga mswaki kwa pamoja mwalimu akiwaongoza. Viongozi wa Chama na Serikali katika kata na vijiji wanaweza kuitumia mikutano yao kuikemea imani ya meno ya plastiki bila kumwaibisha mzazi aliyedanganywa. Halmashauri, zinapopanga bajeti ya huduma ya meno, zikumbuke vyombo vya kukwangulia ugaga na vifaa vya kuzibia, kwa kuwa kwa muda mrefu katika vituo vingi tiba iliyozoeleka imekuwa koleo. Jino lililong'olewa halina tena maumivu, lakini halina tena kazi.

Na mtumishi anayevaa kifuniko angavu asijifiche. Akionekana akikivua kabla ya chai, akipiga mswaki nyuma ya ofisi bila haya, akikunywa maji pale wenzake wanapokunywa soda, atakuwa amewafundisha wengi bila hotuba. Asipofanya hivyo, plastiki itayaficha maradhi kwa muda, mpaka siku ufizi utakapomwumbua. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kinywa, ukuta ukishaanguka haujengeki tena.